Kitanzi, Mzunguko au Duru? Uhakiki wa Istilahi za Urudiaji katika Ufundishaji wa Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na dhana ya urudiaji, yaani kuiagiza kompyuta itende jambo lilelile mara kadhaa bila agizo kuandikwa upya kila mara. Katika maelezo ya Kiswahili dhana hii huweza kuitwa kitanzi au mzunguko. Makala haya yanahakiki istilahi hizo na kudai kwamba mjadala wa nomino, ingawa una uzito wake, umeficha tatizo kubwa zaidi lililomo katika viunganishi. Mfano unaotumika ni ngano ya Sultani Majinuni, mojawapo ya ngano za Unguja zilizochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870). Ngano hiyo imejengwa juu ya urudiaji wa aina mbili, na aina zote mbili zimo katika somo la mwanafunzi.

2.0 Nomino: kinachonasa na kinachozunguka

Kitanzi ni tundu la kamba la kunasia, na pia ni tundu la uzi la kupitishia kifungo. Maana ya kwanza ndiyo iliyotawala, kwa sababu ya msemo wa kujitia kitanzi. Istilahi hii inaeleza vyema kosa la programu isiyokoma, lakini haielezi programu iliyo sawa, ambayo huingia katika marudio na kutoka. Mzunguko nao una kasoro mbili. Kwanza, neno hili tayari linatumika kwa njia ya umeme, hivyo linagongana na istilahi nyingine katika fani hiyohiyo. Pili, kizungukacho hurejea kilipoanzia, ilhali urudiaji wenye manufaa hubadilisha kitu kila unapopita: hesabu huongezeka au orodha hupungua.

Aidha, istilahi zote mbili hazitofautishi tendo zima na mpito mmoja wa tendo hilo. Kiswahili kina neno duru kwa mpito mmoja, na kitenzi rudia kwa agizo lenyewe. Kusema “urudiaji huu una duru saba” kunaeleweka bila sitiari ya kamba wala ya gurudumu.

3.0 Viunganishi: wana saba na nunda mmoja

Katika sehemu ya kwanza ya ngano, sultani ana wana saba na mtende ambao tende zake huliwa na ndege. Wana hupokezana kuulinda, na ni wa saba tu anayefaulu. Idadi inajulikana kabla ya kazi kuanza. Mwalimu angeieleza hivi: “kwa kila mwana, kuanzia 1 mpaka 7, mpe zamu”. Kwa Mswahili, mpaka hapa unajumuisha saba. Katika lugha ya Python, “range(1, 7)” huishia 6. Mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno atakuwa amemnyima zamu kitinda mimba, na ngano itabaki bila shujaa. Hilo si kosa la hesabu bali la tafsiri: mpaka wa Kiswahili umeingizwa mahali pa mpaka wa namna nyingine.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi. Kijana anatoka kumwinda nunda mla watu. Anaua mbwa, baadaye ngawa, punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama yake anamwambia kwamba huyo siye. Hapa idadi haijulikani, na kinachoamua ni jibu la mama. Msimulizi angesema “aliwinda mpaka akamuua nunda”, ambapo sharti linataja mwisho. Python haina agizo la namna hiyo; ina “while”, ambayo sharti lake linataja kuendelea. Mwanafunzi hulazimika kukanusha: “maadamu aliyeuawa si nunda, winda tena”. Lugha ya Pascal ina agizo la kurudia mpaka, na hulipima sharti baada ya tendo, kama mama anavyotoa hukumu baada ya mnyama kuletwa.

Zipo tafsiri zinazoweka wakati mahali pa maadamu. Hasara yake si ya mtindo tu. Bonar na Soloway (1985) walionyesha kwamba wanafunzi wa Kiingereza hudhani “while” hulichungulia sharti muda wote na kukatiza kazi papo hapo linapobadilika, kwa kuwa ndivyo neno hilo linavyotumika katika mazungumzo. Wakati lina kishawishi hichohicho. Maadamu hueleza sharti zaidi kuliko muda, ingawa bado mwalimu atapaswa kusema kwamba sharti hupimwa mara moja tu katika kila duru. Mama hafuatani na mwanawe porini. Hungoja nyumbani aletewe mnyama.

4.0 Hitimisho

Uhakiki huu unapendekeza urudiaji kwa dhana, duru kwa mpito mmoja, na maadamu kwa sharti la kuendelea. Mpaka utumike pale tu inapoelezwa kama kikomo kinajumuishwa. Kitanzi kibakizwe kwa programu isiyokoma, ambako sitiari yake ni ya kweli. Mashaka yaliyosalia ni kuhusu nunda mwenyewe. Msikilizaji wa ngano ana hakika kwamba nunda yupo na atauawa, kwa hiyo mpaka humtosha. Kompyuta haina hakika hiyo: kama nunda hayupo, itawinda bila kukoma. Kumfundisha mwanafunzi kuuliza kama sharti lake litatimia ni kazi ambayo hakuna istilahi itakayoifanya kwa niaba ya mwalimu.