Nani Mwenyeji? Kanuni za Kudai Ardhi katika Masimulizi ya NationStates

Mhakiki aliyezoea riwaya na tamthilia huenda akastaajabu kuona mchezo wa intaneti ukijadiliwa katika kurasa za uhakiki wa fasihi. Hata hivyo, NationStates ni zao la fasihi kwa asili yake. Mtunzi wa riwaya kutoka Australia, Max Barry, aliuanzisha mnamo Novemba 2002 ili kuitangaza riwaya yake Jennifer Government, iliyotoka mwaka 2003. Riwaya hiyo inasawiri ulimwengu ambamo makampuni yameimeza serikali, na mtu hubeba jina la mwajiri wake kama ubini. Kinaya ni kwamba mchezo uliozaliwa na riwaya hiyo uliipa dola kila kitu. Kila mchezaji hubuni taifa, hulipa jina, bendera na sera, kisha huliingiza katika kanda pamoja na mataifa ya wenzake. Makala haya yanachunguza suala ambalo limewagombanisha wachezaji hao tangu mwanzo, yaani kanuni za kudai eneo.

Suala hilo lina pande mbili, na aghalabu huchanganywa. Upande wa kwanza ni wa masimulizi. Wachezaji huandika kwa zamu vita, mikataba, ndoa za kifalme na maafa ya njaa. Ramani haitolewi na mchezo wenyewe, bali huchorwa na watu wa kanda fulani kwa mapatano. Anayetaka ardhi humwomba mtunza ramani, naye humpakia rangi mahali palipo tupu. Hapo ndipo mzozo huanza. Je, mgeni aruhusiwe kudai bara zima? Ardhi ya mchezaji aliyenyamaza kwa miezi kadhaa irejee kuwa tupu, ilhali wenzake wamekwisha kusimulia vita vilivyopiganwa juu yake? Maswali haya yana sura ya upimaji ardhi, lakini kwa hakika ni maswali ya utunzi. Yanauliza ni sehemu ipi ya hadithi iliyokwisha kukubaliwa na haiwezi kufutwa.

Kanuni kuu ya uandishi huo ni kwamba mshambulizi hana haki ya kutangaza hasara ya adui yake. Anaweza kuandika kuwa majeshi yamevuka mpaka na mizinga imelia. Wangapi wamekufa na mji gani umeanguka huandikwa na aliyeshambuliwa. Anayeikiuka kanuni hii huhesabiwa kuwa amejifanya Mungu, na wenzake wana ruhusa ya kulipuuza andiko lake kana kwamba halikuwapo. Ushindi basi hupatikana kwa idhini ya mshindwa. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atakumbuka malumbano ya washairi wa Lamu na Mombasa, akina Zahidi Mngumi na Muyaka bin Haji, zama za vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo dai la mshairi lilingoja jibu la mpinzani wake. (Damu ya Shela, bila shaka, ilimwagika kweli.) Kanuni hii ina hekima, ila mwoga hujificha nyuma yake akaandika vita ambavyo hashindwi kamwe. Mtunzi bora wa masimulizi haya hujulikana kwa namna anavyokubali kupoteza mji.

Upande wa pili ni wa mitambo, na huko idhini ya mshindwa haihitajiki. Kila kanda ina mjumbe, nalo ni taifa lililoungwa mkono na mataifa mengi zaidi ya kanda hiyo miongoni mwa wanachama wa baraza la dunia la mchezo. Baraza hilo liliitwa Umoja wa Mataifa hadi mwaka 2008, Umoja wa Mataifa wenyewe ulipolalamika. Mjumbe mwenye mamlaka anaweza kufukuza mataifa na kuifunga kanda kwa neno la siri. Wavamizi waligundua mapema kwamba wakiingia kwa wingi muda mfupi kabla ya hesabu kufanywa upya, na wote wakamuunga mkono mtu wao, kanda inakuwa yao. Mwasisi wa kanda aliweza kuwatimua, lakini kanda ambayo mwasisi wake alikuwa ametoweka haikuwa na kinga hiyo.

Wasimamizi walijaribu kuziunganisha pande hizo kwa kanuni moja: kuvamia kunaruhusiwa, kuwafukuza wenyeji kwa wingi na kuiangamiza kanda yao hakuruhusiwi. Kanuni nzima ilisimama juu ya neno mwenyeji, na neno hilo likawa shina la ugomvi. Aliyeingia jana ni mwenyeji? Na aliyehama kwa muda mrefu kisha akarudi pamoja na wavamizi? Neno la Kiingereza lililotumika katika kanuni hizo linatazama zaidi asili ya mtu. Kiswahili kinaona mbali zaidi. Mwenyeji ni mwenye mji, na papo hapo ni yule anayempokea mgeni. Wenyeji wake hudhihirika katika uhusiano na anayebisha hodi. Yaelekea watu wa kanda nyingi hawakujifikiria kuwa wenyeji hadi siku walipovamiwa. Ili kuamua kesi kama hizo, msimamizi alilazimika kusoma historia ya kanda, yaani kuwa mhakiki, kazi ambayo hakuiomba.

Mwaka 2006 wasimamizi waliutua mzigo huo. Walianzisha kipimo cha ushawishi. Taifa hujilimbikizia ushawishi kadiri linavyokaa katika kanda na kuungwa mkono, na mjumbe anayetaka kulifukuza hulazimika kutumia ushawishi wake mwenyewe. Tangu hapo haiulizwi nani mwenyeji, kompyuta hujumlisha. Kiutawala, hatua hiyo inastahili sifa, kwa kuwa iliondoa upendeleo na malalamiko yasiyokwisha. Kifasihi, ni hasara. Mvamizi mwenye subira akikaa vya kutosha, hesabu humfanya mwenyeji, hata kama kila siku ya ukaaji wake ilikuwa ya kuwanyanyasa waliomtangulia. Sheria ya Kenya nayo humruhusu aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12 kuidai, lakini mahakama huuliza aliingiaje: kwa nguvu, kwa siri au kwa ruhusa? Kompyuta haiulizi.

Mchezo wa EVE Online kutoka Aisilandi unaonyesha njia hiyo inavyoweza kufika mbali. Mnamo Januari 2014, umiliki wa mfumo wa nyota uitwao B-R5RB ulipotea kwa sababu ada yake haikulipwa kwa wakati. Vita vilivyofuata vilidumu kwa saa 21 hivi, wachezaji zaidi ya 7,000 wakashiriki, na manowari 75 za daraja kubwa kuliko yote zikateketea. Mapigano ya kutisha, na chanzo chake ni cha karani.

Katika NationStates swali la wenyeji halikufa. Mwaka 2009 liliundwa Baraza la Usalama, ambalo hupitisha maazimio ya kusifu, kulaani na kukomboa. Azimio la kukomboa huondoa kufuli la neno la siri ambalo mjumbe ameiwekea kanda. Maazimio hayo hutungwa na wachezaji na kupigiwa kura. Kwa miaka mingi mwandishi wake alikatazwa kukiri kwamba huu ni mchezo: alipaswa kutaja mataifa, si wachezaji, na kuisimulia kanda kama mahali halisi. Kwa sharti hilo hoja ya wenyeji ililazimika kurudi katika lugha ya hadithi, yaani nani aliijenga kanda, nani aliitungia katiba, nani aliifungia mlango. Mengi ya maazimio hayo yamelemewa na istilahi za kidiplomasia na yanachosha. Yaliyo bora yana historia fupi ya mji ulioangamia. Ya kulaani ndiyo yanayovutia zaidi, kwa maana wavamizi waliyatafuta kama nishani: humo ushindi wao umeorodheshwa kanda kwa kanda, na wanaoshika kalamu ni mahasimu wao.