Ohmu moja, kilo ishirini na tano

Barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kolwezi, takriban kilomita 300, hupitisha utajiri mwingi, na sehemu yake hupimwa gunia kwa gunia. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilieleza kuwa wachimbaji wadogo waliouza madini Musompo, nje ya Kolwezi, hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki uzito wala ubora wa mzigo. Mnunuzi ndiye aliyepima, naye ndiye aliyelipa.

Ndiyo maana mizani ya kujiundia ina thamani huku Katanga. Vifaa vyake havitishi: vihisi vinne vilivyotolewa kwenye mizani ya bafuni, kila kimoja cha kilo 50, bodi ndogo ya HX711 inayogeuza ishara yao kuwa namba, na Arduino ya kuzisoma. Kinachowakwamisha mafundi ni nyaya.

Kila kihisi kina nyaya tatu. Rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, hivyo multimita ndiyo ya kuaminiwa. Jozi inayosoma kama ohmu 2,000 ni nyaya za nje, na ule unaobaki, unaosoma 1,000 kwa kila mwenzake, ndio wa kati. Nyaya za nje, tuseme ni nyeupe na nyeusi, huungwa kihisi kwa kihisi, nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi, hadi pete ifungike. Hilo ndilo daraja la Wheatstone, lililopata umaarufu mwaka 1843. Nyaya za kati huenda kwenye bodi: mbili za pembe zinazotazamana kwa mshazari huingia E+ na E−, mbili nyingine A+ na A−.

Namba ikiganda kwenye 8388607, usiguse programu. Hicho ndicho kikomo cha juu cha HX711, na mara nyingi maana yake ni waya uliokatika au usioshika. Pima kati ya E+ na E−: pete nzima husoma karibu ohmu 2,000.

Lakini kuna kosa ambalo multimita hailioni. Fundi akiunga nyeupe kwa nyeusi, ohmu hubaki zile zile, kwa kuwa pande zote mbili za kihisi zina ukinzani unaokaribiana. Dawa yake ni kidole: bonyeza pembe moja moja huku ukitazama namba. Pembe zote nne zinapaswa kuisogeza upande mmoja. Ile inayoirudisha nyuma, nyaya zake za nje zimebadilishana, zibadilishe, basi.

Kosa linaloumiza zaidi ni la nyaya zilizosokotwa tu kwa vidole. Chukua mizani inayotoa milivolti 5 ikibeba kilo 200, kwa umeme wa volti 5. Ohmu moja ikiongezeka kwenye mkono mmoja wa daraja, yaani kutoka waya wa kati wa kihisi kimoja hadi ule wa kihisi jirani, ambao una ohmu 2,000, matokeo husogea kwa milivolti 0.6 hivi. Hiyo ni sawa na kilo 25! Kama ohmu hiyo ingetulia, kitufe cha sifuri kingeifuta. Haitulii: waya ukitikiswa au kiungo kikishika kutu, inakuja na kuondoka, na gunia lile lile linapata uzito mwingine kila likipandishwa. Viungo vyote vilehemiwe kwa risasi, vifunikwe, kisha nyaya zifungwe zisichezecheze. Hakuna programu inayoweza kusahihisha kiungo kibovu.

Umeme wa mjini, wa hezi 50, nao huingia kwenye nyaya ndefu. Zifanye fupi, na uiache HX711 kwenye kasi ya vipimo 10 kwa sekunde, kwani kwa kasi hiyo huchuja mvumo huo yenyewe.

Fundi anayemuundia mchimbaji mizani asimkabidhi kabla ya kuijaribu mbele yake. Dumu lenye lita 20 za maji, kilo 20 bila uzito wa dumu lenyewe, liwekwe pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Namba zikipishana kwa kilo nzima, mizani irudi mezani siku hiyo hiyo.