Kipimamuda Baada ya Hitilafu: Uhakiki wa Usanifu wa Java

Kipimamuda cha awali cha Java kimekosolewa kwa haki: kazi moja ikikumbwa na hitilafu isiyoshughulikiwa, uzi unaokiendesha hufa, na kazi nyingine zote zinazongoja zamu hufa nao. Toleo la 5, la mwaka 2004, liliziokoa hizo nyingine; kazi iliyokosea pekee ndiyo isiyorudiwa. Hata hivyo, marekebisho hayo yalizaa dosari nzito zaidi, nayo ni ukimya: hitilafu huhifadhiwa, na msanidi asiyeiulizia haambiwi. Mathalani, programu ya kusoma kina cha tangi la maji huko Tingi, Kilwa, kila dakika 10, ingenyamazishwa na kipimo kimoja kibovu, huku kioo kikiendelea kuonesha tangi limejaa ilhali mabomba yamekauka. Vipimamuda vya JavaScript katika vivinjari, ambavyo hurudia kazi ileile na kuandika kosa kila zamu, vina kelele, lakini havifichi.