Pongezi kwa Wachapishaji wa Mashairi

Kuchapisha diwani ya mshairi asiyejulikana ni kazi ya imani. Vitabu vya kiada vina soko la shule. Diwani changa huuzwa nakala mojamoja. Ndiyo maana nawapongeza wachapishaji wadogo wanaoendelea kuzitoa.

Mfano bora ni Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Walter Bgoya aliianzisha mwaka 1991, baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972. Nyumba hii ya uchapishaji imechapisha upya kazi za Shaaban Robert, huku ikiwafungulia mlango washairi wa leo. Dotto Rangimoto aliposhinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya mwaka 2017 kwa diwani yake, *Mwanangu Rudi Nyumbani*, ni nyumba hiyo iliyoifikisha kwa wasomaji.

Nyuma ya kila diwani yuko mhariri. Huusoma ubeti kwa sauti, akapima mizani na kukagua vina. Kwenye shairi huru huuliza kwa nini mshororo umekatwa hapo na si kwingine. Akimaliza, mhakiki naye huipokea diwani. Mhakiki mwema hamvishi mshairi kilemba cha ukoka. Humwonyesha palipokomaa na palipo pachanga.

Kazi ya wote hao haiwezi kusimama bila wanunuzi. Mwezi huu nunua diwani moja ya mshairi aliye hai, uisome kwa sauti, kisha umwambie mwenzako ulichokiona ndani yake.