Nelson Hakupewa Sura: Vitabu vya Kuhama na Watoto, Vikisomwa Kasulu

Vitabu vinavyosimulia familia iliyohamia nchi ya mbali kwa sababu ya kazi ya baba au mama ni vingi. Mimi nimevisoma nikiwa upande ambao waandishi wake hawakuufikiria sana, yaani upande wa wenyeji wa ule mji mdogo ambako familia inashusha mizigo. Kasulu ni mji wa namna hiyo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu hapo watu wa mashirika wamekuwa wakija na mikataba yao ya mwaka mmoja au miwili. Wanapanga nyumba zenye geti, wanapita na magari meupe yenye antena ndefu, na siku moja tunasikia ameshaondoka, amekuja mwingine. Kabla yao walikuja wamisionari, na kuna waliokuja na watoto. Mtu wa Kasulu hatajwi kwenye vitabu hivi, lakini akivisoma anajiona: yuko pembeni kidogo, amebeba kitu.

Safari hii nimevirudia kwa sababu ya mambo ya nyumbani. Dada yangu ni muuguzi, na amepata kazi katika mji mdogo huko Uingereza. Ana watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu, mwingine la sita. Akaniambia, "Kaka, wewe ndiye unayeshinda na vitabu. Hao waliohama na watoto wao, watoto walikuwaje?" Nimefundisha fasihi miaka kumi na minne na sijawahi kuulizwa swali gumu namna hiyo na mwanafunzi. Hakuuliza dhamira wala wahusika. Ameuliza watoto walikuwaje.

Kitabu cha kwanza nilichokifungua ni riwaya ya Barbara Kingsolver, The Poisonwood Bible, ya mwaka 1998. Mwandishi alikulia Carlisle, mji mdogo wa jimbo la Kentucky, Marekani, na alipokuwa na umri wa kama miaka saba wazazi wake walimpeleka Kongo walikokwenda kufanya kazi za afya. Kwa hiyo anajua anachokisema, ingawa familia aliyoiandika si yake. Ni familia ya mhubiri Nathan Price anayemchukua mkewe Orleanna na mabinti wanne, kuanzia Rachel mwenye miaka kumi na mitano hadi Ruth May mwenye miaka mitano, akawapeleka kijiji cha Kilanga mwaka 1959. Mwaka unaofuata Kongo inapata uhuru, na mambo yanaharibika nje na ndani ya nyumba.

Kurasa za mwanzo ni nzuri ajabu, na uzuri wake ni wa mizigo. Shirika la ndege linaruhusu kama kilo 20 kwa mtu, basi mabinti wanavaa nguo juu ya nguo na kuficha vitu ndani yake: vyombo, zana, pakiti za unga wa keki. Keki yenyewe ni ya sikukuu za kuzaliwa. Wakishafika, unyevunyevu wa Kilanga unaugeuza ule unga kuwa jiwe. Hakuna hotuba pale, kuna unga tu ulioganda, lakini unaelewa kwamba mama huyu alidhani anaweza kubeba utoto wa wanawe kwenye pakiti. Mpwa wangu wa darasa la sita nilimsimulia sehemu hiyo. Hakucheka kama nilivyotarajia. Akauliza, "Mjomba, kwani hao watoto waliulizwa?" Hawakuulizwa. Hata Orleanna hakuulizwa, na hapo ndipo riwaya nzima inapotokea.

Kuna ukurasa mwingine ambao msomaji yeyote wa Buha ataufurahia kuliko msomaji wa Marekani. Nathan analima bustani ya mbegu alizotoka nazo kwao. Mama Tataba, mwanamke wa pale anayewasaidia kazi za nyumbani, anamwambia ainue matuta. Hataki. Mama Tataba anamwinulia, yeye anasawazisha tena. Mvua inakuja, inazoa kila kitu. Jamani, nani hapa Kasulu hajui tuta? Mtoto wa chekechea anajua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila hawakutuambia tufanye nini na mgeni aliyekuja na jembe lake na hataki kuonyeshwa pa kulipiga. Baadaye anakubali matuta, mimea inastawi, lakini haizai, kwa sababu wadudu wa kuichavusha hawapo. Nimewahi kusoma ukurasa huu darasani nikitafsiri palepale, na vijana walikuwa wanashangilia kama wako uwanjani.

Sasa lawama. Riwaya inasimuliwa na watu watano: mama na mabinti zake wanne. Kila mmoja ana sauti yake, hata Ruth May ambaye hajaanza shule. Hakuna sura hata moja inayosimuliwa na Mkongo. Wahakiki wengine wameshalisema hilo, na jibu linalotolewa ni kwamba Kingsolver alijizuia kwa heshima, hakutaka kujifanya anaijua nafsi ya Mkongo. Nalikubali jibu hilo kwa nusu. Nusu nyingine inamhusu Nelson.

Nelson ni mvulana, mwanafunzi wa mwalimu Anatole, na ana akili. Anakuja kuwafanyia kazi akina Price, na analala kwenye banda lao la kuku. Umri wake haupishani sana na wa pacha wa Price, Leah na Adah. Fikiria: huyu naye ni mtoto aliyehama kwa ajili ya kazi, na tena kazi yenyewe ni yake, si ya baba. Anakata kuni, anachota maji, anawafundisha mabinti mambo ya kijiji, na ni kwa sababu ya banda analolala yeye ndipo inatokea ile asubuhi mbaya kuliko zote kitabuni (sitaisema, kuna ambao hawajasoma). Riwaya inamhitaji Nelson kila siku lakini haina muda wa kumuuliza chochote. Leah anaelewa, tena mapema, kwamba utoto anaoujua yeye haukugawiwa kila mtu. Rafiki yake Pascal amemfungua macho. Lakini ni Leah anayeelewa. Sisi tunapewa uelewa wa Leah. Ukifika theluthi ya mwisho, watoto wanapokuwa watu wazima na kitabu kinaanza kutoa mihadhara kuhusu Mobutu na Marekani, unatamani ubadilishane: chukua kurasa hamsini za mihadhara, nipe kumi za Nelson.

Jambo hilihili nimelikuta karibu zaidi na nyumbani. Gombe iko mkoani kwetu, ufukweni kaskazini ya mji wa Kigoma. Marehemu Jane Goodall alifika pale Julai 1960, akiwa ameongozana na mama yake, maana wakubwa wa kikoloni hawakutaka msichana akae porini peke yake. Kwa hiyo hadithi ya Gombe inaanza na mzazi kumfuata mtoto kazini, kinyume cha desturi. Mtoto wake wa kiume, waliyemwita Grub, alizaliwa mwaka 1967, na miaka yake ya kwanza mingi ilikuwa palepale, ndani ya wigo wa waya, kwa sababu sokwe huwinda na mtoto mchanga wa binadamu si salama mbele yao. Watu hulisimulia hilo kama kichekesho: mtoto kwenye kizimba, sokwe nje. Mimi naona ni maelezo ya kweli kabisa ya mtoto anayelelewa katikati ya kazi ya mzazi. Kazi iko nje ya waya, mtoto yuko ndani, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Alipofika umri wa shule alisoma kwa masomo ya posta, kisha akapelekwa Uingereza kukaa na bibi yake. Mwaka wa 1975, wakati waasi kutoka Zaire walipovuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa utafiti, yeye alikuwa na miaka minane.

Lakini Grub hakuwa mtoto wa kwanza kuletwa Gombe na kazi ya mzazi. Ule mwaka wa 1960 mpishi, Dominic, alikuwa kambini na mkewe na binti yao mdogo. Goodall anawataja, na kwa upendo, katika In the Shadow of Man, kitabu chake cha mwaka 1971. Wanatajwa, na hadithi inaendelea. Mtoto mmoja tunajua alivyolelewa, alichoogopa na alikosomea. Mwingine ni "binti wa Dominic". Simlaumu Goodall, aliandika kitabu cha sokwe. Nasema tu kwamba binti huyo na Nelson wamekaa benchi moja.

Je, sisi kwa Kiswahili tumefanya vizuri zaidi? Hapa nilitaka sana kumpa dada yangu jibu la kujivunia, na sikulipata. Safari yetu ya fasihi ni ya mtu mmoja. Katika Mbali na Nyumbani, Adam Shafi anasimulia alivyotoka Unguja akiwa kijana kutafuta masomo ng'ambo, na ni kitabu kitamu, ila msafiri hana mtoto mkononi. Ken Walibora aliandika Ndoto ya Amerika kuhusu wavulana wanaoiota nchi hiyo, na walimu wengi wa Kenya wameifundisha. Wale wanataka kuondoka wenyewe. Mtoto anayeondoshwa, ambaye anaambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu hatavaa tena sare hii, simuoni.

Tena sisi tuna watoto wengi katika fasihi yetu, tatizo ni wamekaa wapi. Wamekaa mkekani wanasikiliza. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi katikati ya karne ya 19. Shaaban Robert alimtungia binti yake wa kwake, na mwanawe wa kiume wa kwake. Ni tungo kubwa na nitaendelea kuzifundisha. Lakini katika zote mtoto ni mpokea wosia. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na kazi ilimtoa pwani ikampeleka bara hadi Mpwapwa. Ningetoa kitu kikubwa nisikie mtoto wake alivyoiona Mpwapwa wiki ya kwanza: nani alimcheka kwa lafudhi ya Tanga, alicheza na nani. Mtumishi wa umma akipewa barua ya uhamisho kuja Kigoma, watu humtania, "Mwisho wa reli!" Utani huo ni wa watu wazima. Mtoto wake wa darasa la nne anafika hapa Kasulu, kuna baridi, wenzake kwenye mapumziko wanaongea Kiha, na hakuna hadithi hata moja ya Kiswahili niliyoikuta inayomwambia kwamba haya yaliwahi kumpata mwingine.

Wakati huohuo sheria zinaandika hadithi kwa niaba yetu. Machi 2024 Uingereza iliwazuia watunza wazee wapya wanaotoka nje kwenda na watoto wao. Wauguzi hawakuguswa, ndiyo maana dada yangu ana hiari ambayo jirani yake aliyeomba kazi ya kutunza wazee hakuwa nayo. Huyo jirani angesoma kitabu tofauti kabisa, cha mama aliye kule na watoto walio kwa bibi, na hicho nacho kwa Kiswahili bado tunakisubiri.

Ukiniuliza kitabu hicho kitatoka wapi, nakuelekeza barabara ya Makere. Watoto wa Kikongo wa Nyarugusu wamezaliwa wilaya ya Kasulu, lakini shuleni wanafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Nyumbani wanaongea Kiswahili chao, kile chenye ladha ya ng'ambo ya ziwa. Halafu, kabla Marekani haijasitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, familia ilikuwa ikipata nafasi ya kuhamishiwa huko, na mtoto huyo wa Kifaransa na Kiswahili akashuka katika mji ambao watu wanaongea Kiingereza tu. Baba anapata kazi ya zamu za usiku. Mtoto akishaokota Kiingereza, miezi michache tu, anakuwa mkalimani wa nyumba nzima: hospitali, benki, kwa mwenye nyumba, hata shuleni kwake mwenyewe anapoitwa mzazi. Anamtafsiria mama maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kwanza. Wosia umegeuka, sasa mtoto ndiye anayesema na mzazi ndiye anayesikiliza.

Hao wanaandika kila siku, tusijidanganye. Wanatuma ujumbe wa sauti kwa waliobaki kambini, dakika nne, dakika saba, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, wakieleza theluji, basi la shule, chakula cha mchana, mwalimu aliyeshindwa kutamka jina. Nimesikilizishwa baadhi na kijana mmoja niliyemfundisha, kwa ruhusa ya wenyewe. Hakuna anayemnasihi mwenzake. Mmoja alitumia ujumbe mzima kueleza alivyojifunza kufungua kabati lake la shule lenye namba za siri, akakosea mara tatu, kengele ikalia, akabaki peke yake kwenye korido ameshika begi, na Kiswahili chake kilikuwa kikavu, sahihi, hakina neno la ziada. Dada yangu nilimpa riwaya ya Kingsolver, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Huyo mtoto wa kabati ndiye niliyetaka kumpa.