Ndege na Daftari Lake

Ndege iliyoundwa upya yaweza kusimama bandani ikiwa imekamilika machoni pa kila apitaye: mabawa yamefungwa, injini imewashwa ikaitika, rangi imekauka. Mbele ya sheria bado ni rundo la vyuma. Imebaki kazi moja ambayo wengi huitaja kwa kuguna, kama vile ni kizuizi cha mwisho barabarani: kuthibitisha kwamba inafaa kuruka. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Naiona kuwa sehemu ya ufundi wenyewe, na sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo fundi anapomwezesha mtu asiyemjua kuyakabidhi maisha yake kwa kazi ya mikono ya mwingine.

Naandika nikiifikiria Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, Kongo. Watu wanaijua kwa shaba: kwa machimbo yake ya wazi, kwa mgodi ulioingia mikononi mwa kampuni ya MMG mwaka 2012 ilipoinunua Anvil Mining, na kwa bamba za katodi zinazosafirishwa kutoka huko. Migodi mikubwa ya Katanga imelea mafundi wa kila namna: wachomeleaji, mafundi wa injini nzito, watu wa umeme na wa pampu. Wamezoea kwamba mnyororo wa kreni haubebi mzigo kabla haujapimwa, ukapewa namba, ukaandikwa tarehe. Watu wenye mazoea hayo wana msingi wa kuunda ndege ndogo. Wanachohitaji kujua ni njia inayotoka karakana hadi angani, na njia hiyo hupitia kwenye daftari.

Ndege ya vipande huja ndani ya makasha. Viwanda kama Van's na Zenith vya Marekani, au Sling ya Afrika Kusini, hukata mabati ya alumini, hutoboa matundu, huandika kitabu cha maelekezo, kisha humwachia mnunuzi kazi ya kuunganisha. Kazi hiyo hula mamia ya saa, mara nyingi maelfu. Ndege kubwa ya abiria hutoka kiwandani ikiwa ndugu wa nyingine mia zilizokwisha kujaribiwa, na muundo wake umepewa kibali mara moja kwa niaba ya zote. Ndege ya vipande haina ukoo huo. Kila moja ni mtoto wa pekee, kwa hiyo kila moja hukaguliwa peke yake.

Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, uliweka wazi kwamba ndege inayovuka mipaka lazima iwe na cheti cha kufaa kuruka kilichotolewa na nchi iliyoisajili. Ndege ya fundi wa nyumbani kwa kawaida haipati cheti hicho kamili. Hupewa kibali maalumu kinachotambuliwa katika nchi yake, na ikitaka kwenda kwa jirani, jirani lazima akubali kwanza. Afrika Kusini imezitenga ndege za namna hii hata kwa herufi zilizochorwa ubavuni: nyingine nyingi huanza na ZS, hizi huanza na ZU. Zambia iko karibu sana na Lubumbashi, safari ya muda mfupi kwa ndege ndogo, lakini ndege ya vipande haiwezi kuvuka pale kwa mazoea ya ujirani. Huvuka kwa barua.

Sasa chukua ndege iliyokwisha kuruka, ikaanguka au ikaachwa mvuani miaka mingi, kisha fundi mwingine akainunua na kuijenga tena. Hapa swali la sheria huwa zito: hii ni ndege gani, na nani aliyeiunda? Marekani hudai kwamba sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, iwe imefanywa na watu walioiunda kwa kujifunza au kwa kujiburudisha. Bawa lililonyofolewa kwenye ndege nyingine halihesabiwi kuwa kazi yako. Muundaji wa kwanza huweza kupewa ruhusa ya kuikagua ndege yake kila mwaka, lakini ruhusa hiyo ni yake binafsi. Ndege ikiuzwa, haiendi pamoja na funguo. Basi anayejenga upya hurithi chuma bila kurithi heshima ya aliyemtangulia. Heshima ataitafuta mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Kwanza hutafuta kibati cha utambulisho chenye namba ya ndege. Kisha husoma madaftari ya zamani kama tabibu anavyosoma historia ya mgonjwa: ilitua vibaya lini, mhimili wa bawa ulinyooshwa au ulibadilishwa, injini imefanya kazi saa ngapi tangu ilipofunguliwa. Daftari likiwa limepotea, hawezi kubahatisha. Hulazimika kufungua, kupima na kuandika upya. Kila anachokigusa hupigwa picha kabla ya kufunikwa, maana bawa likishafungwa halisemi tena kilichomo ndani yake. Uingereza, chini ya chama cha Light Aircraft Association, mkaguzi hufika hatua kwa hatua, na baadhi ya hatua hizo ni kabla sehemu hazijafunikwa. Ndiyo busara ya kukagua: kuona wakati ambapo kuona kungali kunawezekana.

Na anachokiona mkaguzi ni kitu kidogo sana. Ribiti iliyogongwa vizuri huwa na kichwa chenye upana wa mara moja na nusu ya unene wake, na kimo cha nusu ya unene huo. Ribiti ya milimita 3.2 itatoa kichwa cha karibu milimita 4.8. Kikipungua, haikushika; kikizidi, imepondwa. Bolti lazima itokeze uzi wake mbele ya nati. Waya wa usalama lazima uvute upande wa kukaza, kamwe usivute upande wa kulegeza. Mfumo ambao mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe lazima upitishe mara moja na nusu ya kile injini inachokunywa ikiwa katika nguvu zake zote; wa pampu, mara moja na robo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kipaji cha ajabu. Yote yanahitaji mtu ambaye ribiti ya elfu moja anaigonga kwa umakini uleule aliotumia kuigonga ya kwanza.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya mizani. Ndege husawazishwa, huwekwa mizani mitatu chini ya magurudumu matatu, na milango ya banda hufungwa ili upepo usiyanyanyue mabawa na kudanganya kipimo. Fundi hupima umbali wa kila gurudumu kutoka mstari mmoja uliochaguliwa, huzidisha, hujumlisha, hugawanya, akapata mahali uzito wote unapokutana. Mahali hapo pakirudi nyuma mno, ndege haitulii, na ikipoteza mwendo hewani inaweza isirudi mkononi mwa rubani. Ndege iliyojengwa upya haiwezi kutumia hesabu ya zamani. Viraka vimeongeza gramu, betri imehamishwa, rangi ni nene zaidi. Hata rangi kwenye usukani wa mkia ni jambo la kupimwa: ikizidi upande wa nyuma, usukani unaweza kuanza kutetema kwa kasi mpaka uvunjike.

Katanga nayo ina neno la kusema katika mtihani huu. Uwanja wa ndege wa Luano, huko Lubumbashi, uko mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, kabla ya mvua, joto linapofika nyuzi 32, hewa huwa nyepesi kama ile ya mita 2,200 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake, na mabawa hudai mwendo mkubwa zaidi ili yabebe. Urefu wa kuruka ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, uliopimwa katika hewa nzito ya pwani, hapa ni ahadi isiyotimizwa. Ndiyo maana majaribio ya angani hayarithiwi wala hayanakiliwi. Marekani, kwa desturi, ndege mpya ya namna hii huruka saa 25 au 40 za majaribio katika eneo lililotengwa, bila abiria. Fundi wa Katanga lazima aandike namba za Katanga.

Wapo wanaosema vibali huua ubunifu. Historia inajibu kwa mfano wa Mfaransa Henri Mignet. Mwaka 1934 alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujitengenezea ndege ndogo, Pou-du-Ciel, na watu wengi Ulaya waliitikia kwa furaha kubwa. Kisha vifo vikaanza. Ndege ilipowekwa katika handaki la upepo, ilionekana kwamba ikiinamisha pua kupita kiasi, bawa la mbele halina tena uwezo wa kuiinua, na rubani anavuta usukani bure. Mignet alikuwa mkweli, na waliomfuata walikuwa hodari. Walichokosa ni jicho la pili lililoangalia kabla hawajapanda. Uingereza haikuifuta ndoto ile: kutokana nayo ulikua utaratibu wa vibali vya kuruka ambao mpaka leo huzilinda maelfu ya ndege za nyumbani.

Kwetu Afrika hamu haijawahi kukosekana. Mwaka 2011 zilienea habari za Chris Nsamba na wenzake wa Kampala, waliokuwa wakiunda ndege waliyoiita African Skyhawk katika ua wa nyumba ya mama yake, Ntinda. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4 kutoka kwenye makasha, wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakipitia Zanzibar. Nikiiangalia safari hiyo ya pili, kinachonigusa zaidi ya urefu wake ni kwamba kila uwanja waliotua uliwapokea. Chuma kilichofungwa na mikono ya wanafunzi kilipewa ruhusa katika nchi baada ya nchi, kwa sababu kazi yao ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo mgeni angeweza kuisoma.

Kongo inaijua bei ya kutoaminika. Tangu 2006 mashirika ya ndege ya nchi yetu yamo katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuingia anga ya Umoja wa Ulaya, na kiini cha lawama ni usimamizi: nani alikagua, aliandika nini, nani alimkagua yeye. Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 iliwekwa ili kuujenga upya usimamizi wa anga. Lakini sheria haishiki tochi ikaingia chini ya bawa. Inamhitaji mtu anayejua kukataa bila kudharau na kukubali bila kuhongwa, na inamhitaji fundi anayemngoja mtu huyo kwa hamu kwa kuwa hana cha kuficha.

Ndiyo maana ningependa vyuo vya ufundi vya Lubumbashi viichukue ndege moja ya vipande, hata iliyovunjika, na kuifanya darasa. Wanafunzi wagonge ribiti, ndiyo, lakini alama zitolewe sawasawa kwa daftari: kwa picha zilizopigwa kabla ya kufunga, kwa hesabu ya mizani, kwa ukurasa ambapo kijana ameandika kwamba kipande fulani hakikufaa akakitupa. Kijana aliyejifunza kuandika hivyo atafaa mgodini, hospitalini kwenye mitambo, na barabarani kwenye breki za lori. Na siku mkaguzi atakapotia saini, saini hiyo itakuwa imetanguliwa na nyingine nyingi ndogondogo za fundi mwenyewe, kila moja ikisema: hapa nilifika, nikaangalia, na jina langu ni hili.