Sifa za Pigo Safi

Hewa ya Nairobi hupenda kumsifu mtu bure. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wa gofu haupati upinzani mkubwa angani. Huruka mbali kuliko aliyeupiga anavyostahili, naye akadhani siri ni misuli.

Nyasi ndizo zinazomrudisha darasani. Nyasi za kikuyu, wenyeji wa nyanda hizi kabla hazijasambaa hadi Australia na California, zina mashina magumu. Zikikatwa fupi huubeba mpira kama mtoto mgongoni. Zikiachwa zirefuke pembeni hushika shingo ya fimbo na kuipinda, na mpira ukaishia vichakani. Iwe uwanja wa Karen, wa Vet Lab kule Kabete, au wa Royal, klabu ya tangu 1906 inayopakana na Kibera, anayechota udongo kabla ya mpira huadhibiwa papo hapo. Ndiyo maana ustadi ninaousifu si wa kufika mbali, ni wa kugusa safi.

Kugusa safi huanzia chini. Kiuno hutangulia kugeuka, uzito ukahamia mguu wa kushoto, kifua kikafuata, mikono ikaja mwisho bila pupa. Fimbo ya chuma igonge mpira kwanza, ndipo ing'oe nyasi. Kusema ni rahisi. Mwili huchukua miaka kukubali.

Lipo zoezi lisilogharimu hata shilingi. Geuza fimbo, ishike upande wa kichwa, uizungushe hewani huku ukisikiliza. Ikivuma karibu na bega la kulia, kasi umeimaliza mapema. Mvumo unatakiwa usikike chini, mbele ya pale ambapo mpira ungekuwa.

Seve Ballesteros, aliyetwaa Kenya Open mwaka 1978, alijifunza ufukweni kwao Uhispania kwa fimbo moja ya chuma, namba tatu. Mwenye fimbo moja hana budi kuijua mikono yake. Basi sishangai kwamba baadhi ya wachezaji wetu wa kulipwa walianza kama makedi, wakibeba mikoba ya wengine na kutazama, tena kwa makini kuliko wenye mikoba.

Anayebisha kwamba ni hewa, si misuli, na ashuke uwanja wa Nyali, Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Fimbo namba saba aliyojivunia Karen itamwishia njiani, mpira utue kabla ya kibendera. Achukue namba sita, na asimlaumu kedi.